Sura ya Saba: Askari, Shule na Mali ya Wauaji

Jenerali Carlo Alberto Dalla Chiesa aliingia Palermo tarehe 30 Aprili 1982, akiwa ametumwa na serikali ya Italia kuwa liwali wa mkoa ule, na siku hiyo hiyo mji ulimpokea kwa damu: asubuhi yake Pio La Torre, mbunge wa chama cha Kikomunisti na mwana wa mafukara wa Palermo penyewe, alipigwa risasi garini pamoja na Rosario Di Salvo aliyekuwa akimwendesha. Jenerali huyu hakuwa mtu wa maneno laini. Alikuwa askari wa karabinieri, jeshi la Italia lenye kazi ya polisi, tangu ujana wake, na ndiye aliyelivunja nguvu kundi la Brigate Rosse lililokuwa likiteka watu na kuua huko kaskazini, na wale waliomtuma walitaraji kwamba atafanya Sisilia yale aliyoyafanya Torino. Kwa hiyo yafaa msomaji atulie kidogo juu ya maneno aliyomwambia mwandishi Giorgio Bocca wa gazeti liitwalo La Repubblica mwezi wa Agosti mwaka huo, kwani maneno hayo, yakitoka katika kinywa cha askari, yana uzito ambao yasingekuwa nao yakitoka kwa padri au mwalimu. Alisema, kwa maana yake, kwamba hifadhi na fadhila ambazo raia huzinunua kwa genge la Mafia kwa bei ghali, nyingi si kitu ila haki zake za asili ambazo dola ilipasa kumpa. Na kwamba dola ikimtimizia raia haki hizo, itakuwa imelinyang'anya genge nguvu zake, na wale wanaolitegemea leo watageuka kuwa wasaidizi wa serikali.

Jioni ya tarehe 3 Septemba, katika mtaa wa via Isidoro Carini, wauaji wenye bunduki za Kalashnikov walilifuata gari dogo alilokuwamo, mkewe Emanuela Setti Carraro akiwa ndiye anayeliendesha, wakawaua wote wawili. Na askari aliyekuwa akiwafuata nyuma, Domenico Russo, alifariki hospitalini baada ya siku chache. Liwali wa mji mkubwa kama ule, aliyejulikana na nchi nzima kuwa anawindwa, alisindikizwa usiku ule na mlinzi mmoja. Alikuwa ameiomba Roma madaraka ya kuziunganisha juhudi zote za kupambana na Mafia chini ya mkono wake, akaahidiwa, na ahadi haikutimizwa mpaka alipokufa.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndani yake zimo hoja mbili ambazo katika nchi nyingi hutenganishwa na kugombanishwa kila mwaka bajeti inapofikishwa bungeni. Wako wanaosema kwamba magenge ya wauaji hayajui lugha ila lugha ya bunduki, na kwa hiyo fedha ziende kwa polisi, kwa magereza na kwa jeshi. Na wako wanaosema kwamba kijana hashiki bastola ila kwa kukosa kazi, shule na heshima, na kwa hiyo fedha ziende kwa mwalimu na mganga. Mjadala huendeshwa kana kwamba hazina haiwezi kuongezeka, na kila shilingi apewayo mmoja ameporwa mwenzake. Mimi naona hoja imewekwa mahali pasipo pake, na Palermo ndiyo shahidi wangu. Maana mji ule ulijaribiwa kwa upanga mtupu, ukajaribiwa kwa fedha tupu, na nafuu haikuanza kuonekana mpaka pale ambapo yale yaliyotwaliwa kwa upanga yalipoanza kukabidhiwa kwa watoto wa mitaa iliyodhulumiwa.

Habari ya upanga mtupu ni ya zamani kidogo. Mwaka 1925 Mussolini alimfanya Cesare Mori kuwa liwali wa Palermo na kumpa ruhusa ambayo hakuna liwali kabla yake aliyepewa. Mwezi wa Januari 1926 aliuzunguka kwa askari mji wa Gangi, uliojengwa juu ya kilima ndani kabisa ya kisiwa, na kwa kuwa watu aliokuwa akiwatafuta walikuwa wamejificha katika vyumba vya siri vya nyumba zao, aliwashika wake zao na watoto wao na kuchinja ng'ombe wao mpaka wakajitoa wenyewe. Maelfu ya watu walitiwa gerezani katika miaka ile, wenye hatia na wasio na hatia wakichanganywa pamoja, na mauaji yakapungua kweli. Hilo halikanushiki, na anayelikanusha hafanyi insafu. Lakini ardhi ilibaki mikononi mwa mabwana wale wale, mkulima akabaki chini ya msimamizi yule yule aliyemkodishia shamba kwa masharti ya kunyonya, na mwaka 1929 Mori alipoitwa kurudi Roma, serikali ilitangaza kwamba kazi imekwisha. Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliposhuka Sisilia mwezi wa Julai 1943, mabwana wa Mafia walijitokeza wakiwa hai na wenye heshima zao, na mmoja wao, Calogero Vizzini, aliteuliwa kuwa meya wa mji wake wa Villalba. Yaani genge lilikuwa limenyamaza tu, kwa kuwa dola ilikuwa imewakamata watu bila kuyagusa mahusiano yaliyowafanya watu wale kuwa na amri.

Habari ya fedha tupu ni chungu zaidi, kwa sababu waliozitoa wengi walikuwa na nia njema. Mwaka 1950 serikali mpya ya jamhuri ilianzisha mfuko mkubwa wa kuiendeleza Italia ya kusini, uliojulikana kwa jina la Cassa per il Mezzogiorno, na mwaka huo huo ikapitisha sheria ya kugawa mashamba makubwa kwa wakulima. Barabara zilijengwa, mabwawa yakachimbwa, umeme ukafika. Walakini katika Palermo fedha ziliangukia katika mji ambao hakuna askari wala hakimu aliyethubutu kumwuliza mkandarasi jina lake. Katika miaka ambayo Salvo Lima alikuwa meya na Vito Ciancimino msimamizi wa ujenzi wa manispaa, leseni za kujenga zilitolewa kwa wingi wa kustaajabisha, na sehemu kubwa yake ikaandikwa kwa majina ya watu wachache ambao hawakuwa wajenzi, bali walikuwa majina ya kufichia majina mengine. Bustani za machungwa zilizouzunguka mji tangu enzi za watawala Waarabu waliouita Balarm ziling'olewa, majumba ya fahari yakabomolewa, na mahali pake pakasimama kuta za zege. Katikati ya mji wa kale, vifusi vya mabomu ya mwaka 1943 vilikaa miongo baada ya miongo bila kuzolewa, na maskini waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa katika mitaa mipya ya pembezoni, mingine isiyo na shule, isiyo na zahanati, wala mifereji ya maji machafu. Huo ndio mwisho wa fedha za maendeleo zisizo na ulinzi: huenda kwa yule mwenye nguvu mtaani, na mwenye nguvu mtaani alikuwa Mafia. Aliye maskini alipata kazi ya kibarua kwa kumwomba bwana, akapata nyumba kwa kumwomba bwana, akapata kitanda cha hospitali kwa kumwomba bwana, na kila alichokipata kilikuwa kimelipiwa na serikali.

La Torre aliyajua haya kwa kuyaishi. Alizaliwa mwaka 1927, akajiunga katika ujana wake na wakulima waliokuwa wakiingia kwa nguvu katika mashamba yasiyolimwa ya mabwana, na kwa ajili hiyo mwaka 1950 alifungwa katika gereza la Ucciardone kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Alipokuwa mbunge alileta muswada wenye mambo mawili mazito: la kwanza, kwamba kuwa mwanachama wa genge la namna ya Mafia kuwe kosa lenyewe, hata kabla ya kuthibitishwa ni nani aliyevuta kifyatulio, na la pili, kwamba mahakama iweze kuitwaa mali ya mtu huyo ikiwa hawezi kueleza aliipata wapi. Muswada huo ulikaa bungeni bila haraka ya mtu yeyote. La Torre alipouawa haukupita. Dalla Chiesa alipouawa ulipita kwa siku kumi, ukawa sheria tarehe 13 Septemba 1982. Hainipendezi kuandika kwamba sheria iliyo njema zaidi katika habari hii ilinunuliwa kwa damu ya watu watano, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa sheria hiyo mkononi, na kwa ustadi wa hakimu Giovanni Falcone wa kuzifuata hundi kutoka benki hadi benki, mahakimu wa Palermo waliandaa kesi ambayo haikuwa imeonekana mfano wake. Ukumbi maalumu wa pembe nane ulijengwa kwa haraka ubavuni mwa gereza la Ucciardone, wenye kuta za kuhimili makombora na vizimba vya chuma pande zote, na tarehe 10 Februari 1986 kesi ikafunguliwa dhidi ya washtakiwa 475. Wako waliolalamika wakati ule kwamba fedha nyingi zinapotea katika zege na chuma, na kwamba ving'ora vya magari ya mahakimu vinawanyima watu usingizi wa mchana. Tarehe 16 Desemba 1987 hukumu ilisomwa: washtakiwa zaidi ya 330 walipatikana na hatia, na 19 kati yao wakahukumiwa kifungo cha maisha, na tarehe 30 Januari 1992 mahakama ya juu kabisa ya Roma iliithibitisha hukumu ile. Kwa mara ya kwanza katika zaidi ya karne moja, mkazi wa Palermo aliona kwamba bwana aliyeamuru kifo anaweza kuzeeka gerezani.

Kisasi kilifuata upesi. Tarehe 23 Mei 1992 barabara kuu ililipuliwa karibu na Capaci, akafa Falcone, mkewe Francesca Morvillo na walinzi watatu. Tarehe 19 Julai gari lililojazwa baruti lililipuka katika via D'Amelio, akafa rafiki yake na hakimu mwenzake Paolo Borsellino na walinzi watano. Wawili hao walikuwa wana wa mtaa mmoja, mtaa wa kale wa Kalsa karibu na bandari. Serikali ilipeleka jeshi Sisilia mwezi huo huo, na hapa lipo jambo ambalo wapangaji wa matumizi ya ulinzi wangelitazama kwa makini: askari wale wa jeshi kazi yao kubwa haikuwa kuvunja milango ya mafukara usiku. Walisimama mbele ya mahakama na mbele ya nyumba za mahakimu, ili polisi na karabinieri, waliokuwa wamefungwa na kazi ya kulinda, wawe huru kupeleleza. Tarehe 15 Januari 1993 Salvatore Riina, mkuu wa genge lote, aliyekuwa amejificha tangu mwaka 1969, alikamatwa katika barabara ya Palermo mchana kweupe. Fedha iliyotumika kumweka mpelelezi huru imezaa zaidi kuliko fedha iliyotumika kuongeza bunduki, na nadhani hilo ni kweli katika nchi nyingi.

Sasa nije kwa padri Giuseppe Puglisi, ambaye watu walimwita Pino, maana bila yeye wapenzi wa shule wangeweza kudhani kwamba habari hii ni ya mahakimu peke yao. Alizaliwa katika Brancaccio, mtaa wa mashariki wa Palermo, na mwaka 1990 alirudishwa huko kuwa paroko wa kanisa la San Gaetano. Mtaa ulikuwa chini ya amri ya ndugu wa Graviano. Hapakuwa na shule ya kati. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi aliye na bidii alipaswa kwenda mtaa mwingine, na asiye na bidii alibaki barabarani, ambako watu wa genge walikuwa na kazi za kumpa. Katika majengo ya via Hazon vyumba vya chini, ambavyo havikuwa na mlinzi wala mwenyewe wa kuulizwa, vilikuwa maskani ya biashara ya dawa za kulevya na ya maovu mengine yasiyofaa kuandikwa. Padri Puglisi hakuwa na kitu ila miguu yake. Pamoja na kamati ya wapangaji wa majengo yale alikwenda ofisi baada ya ofisi, akiandika maombi ya shule ya kati, ya kituo cha afya na ya mifereji. Akakataa fedha za sikukuu ya mtaa zilizotoka katika mikono ambayo kila mtu aliijua. Na mwezi wa Januari 1993 akafungua mbele ya kanisa lake nyumba ndogo aliyoiita Centro Padre Nostro, ambamo watoto walifundishwa masomo yao, wakacheza, na wakazoea kuona mtu mzima anayewapenda bila kuwatuma mahali.

Mambo hayo madogo yaliwaudhi ndugu wa Graviano kuliko doria nyingi za polisi, kwa kuwa doria hupita, lakini kijana aliyekwisha kuzoea kitabu na mpira chini ya jicho la padri hapatikani tena kwa urahisi wa kumpelekea mtu kifurushi. Usiku wa tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56, Puglisi alifika mlangoni pa nyumba yake akiwa na mkoba mkononi. Mtu mmoja aliushika mkoba ule, akamwambia kwamba huu ni uporaji. Mwingine alisimama nyuma yake na bastola yenye kizuia sauti. Yule aliyefyatua, ambaye baadaye alikamatwa na kukiri mauaji mengi, alieleza kwamba padri aliwageukia akatabasamu na kusema kwamba alikuwa akiwatarajia, na kwamba tabasamu lile halikumtoka tena moyoni. Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenyeheri mwaka 2013. Shule ya kati aliyoililia Brancaccio ilifunguliwa, lakini baada ya miaka kadhaa tangu afe.

Mimi nayasoma maisha ya Puglisi kwa namna mbili. Kwanza, yanathibitisha kwamba Dalla Chiesa alisema kweli: wauaji hawamuui padri wa watoto kwa ajili ya mchezo, wanamuua kwa sababu amegusa mzizi wa amri yao. Pili, na hili wapenzi wa huduma za jamii hawapendi kulisikia, yanathibitisha kwamba mwalimu asiye na askari nyuma yake hupelekwa machinjoni. Ndugu wa Graviano walitiwa mbaroni Milano mwezi wa Januari 1994, miezi minne tu baada ya mauaji. Wangetiwa mbaroni miezi minne kabla, padri yule angeweza kuzeeka katika Brancaccio na kuifungua shule yake mwenyewe. Basi tusimdharau mpelelezi kwa kumpenda mwalimu.

Leoluca Orlando, aliyekuwa meya wa Palermo kwa vipindi mbalimbali tangu mwaka 1985 hadi 2022, alikuwa na mfano wake wa mkokoteni wa Kisisilia wa magurudumu mawili, gurudumu moja likiwa ni sheria na jingine likiwa ni utamaduni wa raia: likizunguka moja peke yake, mkokoteni huzunguka mahali pamoja na haufiki. Hakuishia kwenye mfano. Katika kipindi chake cha miaka ya 1990 watoto wa shule walipewa kila shule jengo moja la kale la mji, kanisa au bustani au kasri, walichunguze, walisafishe na kuwaongoza wageni ndani yake, na kwa njia hiyo majengo yaliyofungwa miaka mingi yakafunguliwa kwa shinikizo la watoto. Jumba la michezo ya kuimba la Teatro Massimo, kubwa kuliko yote katika Italia, lilikuwa limefungwa mwaka 1974 kwa matengenezo yaliyosemwa kuwa ya muda mfupi. Likakaa kimya miaka 23, fedha zikiliwa, mpaka lilipofunguliwa tena mwezi wa Mei 1997. Ni rahisi kuuliza jumba la nyimbo lina faida gani kwa mtoto wa Brancaccio. Lakini katika mji ambao kila mtu mzima alikuwa amefundishwa kwamba cha umma hakina mwenyewe, kuliona la umma likirudi mikononi mwa umma lilikuwa somo ambalo hakuna kitabu kingelitoa.

Hata hivyo kiini cha habari hii, na sababu ya kuiandikia sura nzima, ni sheria namba 109 ya tarehe 7 Machi 1996. Sheria ya La Torre ilikuwa imeitwaa mali, lakini mali ile ilikuwa ikilala. Nyumba zilioza, mashamba yakaota magugu, na mpita njia akiona jumba la bwana limefungwa minyororo na kuanguka alisema moyoni mwake kwamba bwana alikuwa akiajiri watu na serikali haiajiri mtu. Padri Luigi Ciotti wa Torino, aliyeanzisha jumuiya ya Libera mwaka 1995, alizunguka nchi na wenzake wakikusanya saini milioni moja za raia, wakiomba jambo moja lililo wazi: kile kilichoporwa kwa jamii kirudishwe kwa jamii hiyo hiyo, mahali pale pale kilipoporwa. Bunge likakubali. Tangu hapo nyumba iliyotaifishwa yaweza kukabidhiwa manispaa, na manispaa yaweza kuikabidhi bure kwa chama cha ushirika, kwa kituo cha walemavu au kwa shule.

Msomaji na aone maana yake katika Corleone, mji wa milimani alikotoka Riina. Nyumba aliyojijengea huko iligeuzwa kuwa shule ya kilimo, na vijana wakaingia kwa mlango ambao baba zao wasingethubutu kuusogelea. Katika mashamba ya jirani, yaliyokuwa ya mabwana wa genge, mwaka 2001 kiliundwa chama cha ushirika kilichoitwa kwa jina la Placido Rizzotto, kiongozi wa wakulima aliyeuawa Corleone mwaka 1948 kwa kudai ardhi ile ile. Wanachama wake wakalima ngano na zabibu, wakauza tambi na mvinyo kwa mkataba wa kazi halali wenye mshahara na bima. Mashamba ya vyama vya namna hii yalichomwa moto si mara moja, na ilibidi karabinieri wawe karibu ili mavuno yaingie ghalani. Karibu na San Giuseppe Jato, lile handaki ambamo mtoto wa shahidi wa serikali alifungwa na kunyongwa mwezi wa Januari 1996, baada ya kushikwa mateka zaidi ya miaka miwili, sasa liko ndani ya bustani ya kumbukumbu wanakopelekwa wanafunzi. Hapo ndipo ninapoona hesabu ya askari na mwalimu ikikoma kuwa ugomvi: mpelelezi anapata shamba, shamba linampa kijana kazi, na kijana mwenye kazi hana haja ya kumwogopa au kumtumikia yule aliyelipoteza shamba hilo.

Lakini njia hii ina maradhi yake, na kuyaficha ingekuwa kumdhulumu anayetaka kuifuata. Kutoka siku mali inapozuiwa hadi siku inapokabidhiwa kwa wananchi hupita miaka mingi, na nyumba nyingi hufika zikiwa magofu, wakati mwingine zikiwa zimevunjwa mabomba na nyaya na wenyewe wa zamani. Makampuni yaliyotaifishwa mengi hufa, kwa sababu benki hukata mikopo, wateja hukimbia, na kampuni iliyokuwa ikifanikiwa kwa kutolipa kodi wala mishahara halali haiwezi kushindana inapoanza kulipa. Na mfanyakazi aliyefukuzwa humlaumu hakimu. Mwaka 2010 serikali ilianzisha wakala maalumu wa kuzisimamia mali hizi, na maelfu ya majengo bado yanangoja. Lililo baya kupita yote ni lile lililofichuka mwaka 2015, kwamba hakimu mkuu wa idara ya Palermo iliyosimamia mali zilizozuiwa alikuwa akigawa usimamizi wake kwa marafiki kwa manufaa yake. Alifikishwa mahakamani na kupatikana na hatia. Penye mali nyingi isiyo na macho ya raia juu yake, uchu humwingia hata aliyevaa joho.

Na matokeo? Mwaka 1991 Italia yote ilihesabu watu zaidi ya 1,900 waliouawa, na zaidi ya 700 kati yao kwa mikono ya magenge. Katika miaka hii ya karibuni huhesabu watu 300 hivi kwa mwaka katika taifa la watu milioni 59, na ni wachache mno wanaouawa na Mafia ya Sisilia. Hakuna mwenye akili atakayesema ni sheria moja au shule moja iliyoleta mabadiliko hayo. Genge lenyewe liliamua baada ya mwaka 1993 kwamba kelele za mabomu zinaleta hasara, na likarudi katika biashara ya kimya. Ushuru wa lazima kwa wenye maduka haujakwisha. Bwana wa Mafia Matteo Messina Denaro alijificha karibu miaka 30 kabla ya kukamatwa mbele ya zahanati ya Palermo tarehe 16 Januari 2023, na mtu hajifichi muda huo wote bila ya wengi kumfichia. Mwaka 2021 kijana mmoja katika kila watano wa Sisilia alikuwa ameacha masomo kabla ya wakati wake. Dola ilipeleka upanga kwa ukamilifu zaidi kuliko ilivyopeleka mwalimu, na katika mitaa ya pembezoni deni lile bado linadaiwa.

Falcone, mwezi mmoja kabla ya kuuawa, alikuwa Vienna katika mkutano wa Umoja wa Mataifa akihimiza mataifa yaungane dhidi ya magenge yanayovuka mipaka. Mkataba uliotokana na wito wa namna hiyo ulifunguliwa kutiwa saini mwezi wa Desemba 2000, katika Palermo yenyewe, na Tanzania na Kenya zote mbili zimo. Kifungu cha 31 cha mkataba huo kinazitaka nchi zizuie uhalifu pia kwa kuipunguza hali ngumu inayowaweka wanyonge katika hatari ya kunaswa na magenge. Tanzania ina sheria ya mali itokanayo na uhalifu tangu mwaka 1991, na Kenya tangu mwaka 2009. Na heroini inayovuka bahari kutoka pwani ya Makran kwa majahazi imekwisha kuwaharibu vijana wa Mombasa, wa Tanga na wa Unguja mbele ya macho yetu. Kwa hiyo namwomba msomaji, siku atakaposoma gazetini kwamba nyumba ya tajiri wa biashara hiyo imetaifishwa na mahakama, asiishie kushukuru. Na amwandikie mbunge wake amwulize nyumba hiyo itakabidhiwa nani, mwezi gani, na watoto wa mtaa ule watafunguliwa nini ndani yake.